Wodi ya wazazi kwa msaada wa ubalozi wa Japani

SWALI: Shikamoo Mhariri. Zahanati ya kijiji chetu mkoani Singida haina wodi ya wazazi. Tumesikia ubalozi wa Japani husaidia miradi midogo. Tuanzie wapi? – Katibu, kamati ya zahanati

JIBU: Marahaba. Mmesikia sawa. Mikopo mikubwa ya barabara hupitia Hazina, lakini katika mpango huu wa ruzuku kwa miradi midogo ya jamii (kwa Kiingereza hufupishwa GGP), ulioanza 1989, ubalozi huzungumza na mwombaji mwenyewe. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa yen milioni 10 kwa mradi. Asasi isiyo ya kibiashara, shule, hospitali au halmashauri huomba. Mtu binafsi hapana. Kwenu, heri halmashauri iombe, maana wakunga ni waajiriwa wake.

Wengi huangukia kwenye bajeti. Jengo na vifaa hulipiwa. Mishahara, dawa, posho na mafuta ya gari, hapana. Kwa hiyo halmashauri itamke kwa barua nani ataendesha wodi ikishafunguliwa. Ambatanisheni ramani, uthibitisho wa umiliki wa kiwanja, mchanganuo wa gharama na ankara kifani (proforma, yaani hati za bei kabla ya kununua) za wazabuni watatu. Zikionekana zimechapwa na mkono mmoja, mmejiharibia wenyewe.

Ombi likivutia, maofisa huja kukagua eneo kabla ya mkataba. Mkishasaini, msibadili hata idadi ya vyumba bila kibali cha maandishi. Fedha zikitumika kinyume, mtadaiwa mzirudishe. Na saruji ikipanda bei katikati ya ujenzi, pengo ni lenu, basi changishaneni akiba mapema.