Kuhusu kazi yako ya mabango

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama kuchora mabango ya sabuni na soda kutwa nzima si kupoteza kipaji ulichokisomea. Mama, sikiliza habari za mchoraji James Rosenquist.

Alizaliwa mwaka 1933 huko North Dakota, Marekani. Mwaka 1955 alikwenda New York kusomea sanaa, na haikuchukua muda akawa anatafuta riziki kwa brashi, kwenye mabango makubwa ya Times Square. Wewe unaijua kazi hiyo kuliko mimi: uso wa mcheza filamu una kimo cha ghorofa mbili, na mchoraji amesimama juu ya jukwaa, pua inakaribia kugusa rangi. Pale juu hakuna uso. Kuna uwanda wa rangi ya waridi na mstari mweusi unaopinda, ambao walio barabarani wanauona kuwa nyusi.

Jicho hilo ndilo alilohama nalo kwenda kwenye picha zake mwenyewe. Itazame picha yake iitwayo F-111, ya mwaka 1964 hadi 1965. Ina urefu wa mita 26 hivi, na ilipoonyeshwa mara ya kwanza ilizunguka kuta zote nne za chumba. Ndege ya kivita ya jina hilo inapita mwanzo hadi mwisho, imekatizwa na tairi, mtoto wa kike chini ya mashine ya kukaushia nywele, mlipuko wa nyuklia na tambi zenye mchuzi mwekundu. Ukizisogelea tambi, zinageuka mistari na rangi tupu. Baadhi ya wenzake wa sanaa ya pop, ile inayochota picha zake kwenye matangazo na bidhaa za kila siku, matangazo waliyatazama tu. Yeye aliyachora kwa mkono wake, na kwangu mimi ndiyo maana anawapita.

Hata hivyo hakuzeekea kwenye mabango. Kazi hiyo aliiacha mwaka 1960, baada ya wenzake wawili kuanguka kutoka jukwaani na kufa. Mwaka 1962 akafanya maonyesho yake ya kwanza peke yake. Akachora mpaka uzeeni, hata baada ya moto kuteketeza nyumba na karakana yake Florida mwaka 2009. Alifariki 2017.

Kwa hiyo maliza mkataba wako, kodi ilipwe, na Jumapili chora za kwako, kubwa kadiri chumba kinavyoruhusu. Halafu tuzungumze kuhusu kuacha. Na huo mkanda wa usalama unaosema unakubana, uvae hivyo hivyo.

Mama yako