Breketi za tangi zinakatika kila mara

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Fuso ya kubeba mbao kutoka Mafinga. Nilitengenezewa tangi la ziada la dizeli, lita 200, bati la milimita 2, na breketi nne za chuma cha pembe zimechomelewa moja kwa moja kwenye bati. Haipiti muda breketi moja inakatika, dizeli inavuja. Fundi wangu anataka kuongeza weldi. Nimruhusu?
Dereva, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimruhusu. Kautazame ufa: naamini utaukuta pembeni mwa weldi, kwenye bati lenyewe. Tangi likijaa, dizeli peke yake ni kama kilo 170, na kila shimo la barabara linazirusha. Chuma cha pembe hakinesi, bati jembamba linanesa, basi linachokea pale vinapokutana, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ukirundika weldi, ufa utahamia jirani tu.

Dawa ni kiraka. Likatwe bati la milimita 3, lizidi unyayo wa breketi sentimita 4 au 5 kila upande, na pembe zake ziviringwe kwa grainda, maana ufa hupenda pembe kali. Kichomelewe kwenye tangi vipande vifupi vifupi, huku na huku, bati lisipinde. Breketi ikae katikati ya kiraka, isifike ukingoni. Kwenye chasisi weka bushi za mpira; chasisi ya lori hujipinda, na tangi lisilazimishwe kujipinda nayo.

Ila kwa uzito huo, mimi ningeachana na breketi za kuchomelea. Tangi likalie vitako viwili vyenye mpira, lifungwe kwa mikanda ya chuma, kama malori mengi yanavyotoka kiwandani.

Halafu, tangi hilo limeshaingia dizeli. Kuimwaga si kulisafisha: mabaki yakipata joto la weldi yanageuka mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, ligeuzwe sehemu ya kazi iwe juu, lijazwe maji hadi chini kidogo ya hapo, na matundu yote yaachwe wazi. Fundi akikwambia dizeli haiwaki kirahisi, beba tangi lako uondoke.

Kupima uvujaji, paka povu la sabuni na utie upepo kidogo sana, psi 2 au 3. Ukiliachia kompresa ya gereji, litavimba na weldi mpya zitaachia.