Tamthilia zilizonikosha mwaka 2012, na namna ya kuziona kwa bei nafuu

Kijana mmoja wa Coventry ameniuliza jambo ambalo nadhani wengi wenu mnalo moyoni ila mnaona haya kulisema: "Dada, hela za kwenda tiata kila mara unazitoa wapi? Na kile Kiingereza cha Shakespeare unakielewa kweli, au unajikaza tu?" Nimecheka sana. Ila mwaka ndio huo unakwisha, na niliyoyaona mwaka huu yananiwasha ulimi, basi namjibu hapahapa na wengine msikie.

Hela kwanza. Mimi nahudumia wazee, zamu za usiku, na mshahara wa kazi hiyo mnaujua. Pale Globe, ukumbi wa tamthilia za Shakespeare jijini London, kando ya mto Thames, mwaka 2012 tiketi ya kusimama ilikuwa pauni tano. Jengo ni la mbao, paa la nyasi, katikati liko wazi, na watu kama mia saba wanasimama hapo uani. Wenye viti vya bei mbaya wako nyuma na juu. Wewe wa kusimama unaegemeza viwiko jukwaani na jasho la mwigizaji unaliona linavyomtoka. Mvua ikinyesha ni yako, mwavuli hauruhusiwi, kwa hiyo beba koti lenye kofia na uvae viatu vya kazi. Fika mapema, nenda moja kwa moja mbele. Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: simama.

Sasa mnisikilize. Mwaka huu wa Olimpiki, Globe waliita vikundi kutoka kila pembe ya dunia: tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kuanzia Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni. Na Kiswahili kilikuwamo! Kampuni ya Bitter Pill ilikuja na waigizaji wa Kenya, na Mrisho Mpoto wa Tanzania ndiye Falstaff, katika The Merry Wives of Windsor, ile ya wake wawili wa Windsor. Falstaff ni mzee mnene, hana senti, anawaandikia wake wawili wa watu barua za mapenzi zinazofanana neno kwa neno. Asichojua ni kwamba wale wanawake ni mashoga wa chanda na pete. Wanalinganisha barua, wanaangaliana, na kuanzia hapo mzee amekwisha: anashindiliwa kwenye kapu la nguo chafu na kutupwa mtoni.

Mpoto aliingia kwa madaha ya mtu anayedaiwa kodi ya miezi lakini bado anaagiza bia. Kitambi mbele, mikono nyuma. Tafsiri ya Kiingereza hakuna, pembeni kuna vioo viwili tu vinavyoandika kwa ufupi onyesho linahusu nini. Kwa hiyo wa kwanza kucheka tulikuwa sisi, waliojua lugha, na wenzetu wakafuata nyuma wakitutazama nyuso. Mzee mmoja wa Kiingereza aliyesimama ubavuni mwangu akaniinamia: amesemaje? Miaka yote niliyokaa nchi hii mimi ndiye wa kuuliza swali hilo. Siku ile niliulizwa mimi, na nilijibu taratibu, kwa raha zangu, kama mwenye nyumba.

Lakini niseme na linaloniuma. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo nilimwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu atangaze kwa watu, walau kwa ujumbe wa simu. Akanijibu hayo ni mambo ya shule. Mambo ya shule! Watu haohao hutoa pauni arobaini kumwona msanii anayepanda jukwaani saa tisa usiku, anafuatisha sidii kwa nyimbo tatu na kuondoka. Uani pale nilihesabu nyuso zetu, vidole vya mikono havikuisha. Halafu mwezi wa saba, kwenye mkutano, nikamsikia bwana yuleyule akilalamika kwamba London haitambui utamaduni wetu. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake. Leo sinyamazi.

Swali la lugha nalo. Baada ya Kiswahili nilinogewa. Nikaenda kuwaona Wasudani Kusini na tamthilia yao kwa Kiarabu cha Juba, nchi haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ijitawale, na wao wako London wanaigiza vita na kupatana. Nikawaona Wazimbabwe wawili, wawili tu, wakibeba tamthilia nzima kwa Kishona: mtu anavua shati anakuwa binti, analivaa anakuwa baba yake. Kishona sijui hata salamu. Nilisoma hadithi kwenye basi nikiwa njiani, basi. Nawe fanya hivyo, kwa Kiingereza cha kale pia: soma kisa kwanza, ukifika acha macho na masikio yafanye kazi. Hakuna anayekielewa chote, hata Waingereza wenyewe.

Onyesho lililonishika nikakosa usingizi ni Julius Caesar ya Royal Shakespeare Company, iliyoletwa ukumbi wa Noël Coward mwezi wa nane. Waigizaji wote weusi, nchi ni ya Afrika isiyotajwa jina, Paterson Joseph akiwa Brutus na Ray Fearon akiwa Mark Antony. Hii ndiyo tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri akatoa kitabu mwaka 1963, kisha akairekebisha tena mwaka 1969, na nchi anaiongoza. Nilipokuwa shule nilidhani ni habari ya wazee wa Roma waliojifunga shuka. Sivyo.

Watu wengi hukumbuka kisu kilichomuua Caesar, yaani Kaizari, na hotuba ya Mark Antony baada ya hapo. Mimi kilichonimaliza ni kijionyesho kifupi baada ya hotuba ile. Cinna mshairi anatembea njiani, umati unamzingira. Jina lako nani? Unaenda wapi? Unakaa wapi? Anasema anaitwa Cinna. Ni jina la mmoja wa waliomuua Kaizari. Anapiga kelele kwamba yeye si yule, yeye ni mshairi, na wao wanasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya. Ukumbini kuna waliocheka. Mimi kaka yangu alikuwa kwenye matatu karibu na Nakuru, Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya, vijana wakasimamisha gari na kuanza kuuliza abiria majina, kiti baada ya kiti. Yeye alipona. Hajawahi kutuambia aliwajibu nini. Nilikaa pale nimebana mkoba, na onyesho halina mapumziko hata ukitaka kutoka upunge hewa.

Kati ya hapo niliona pia onyesho moja kubwa la muziki, tiketi imekula ujira wa zamu nzima. Mataa, moshi, watu wanapaa. Sikumbuki hata wimbo mmoja.

Oktoba nikaenda Kilburn, ukumbi mdogo wa Tricycle, kuona Red Velvet ya Lolita Chakrabarti. Adrian Lester anamcheza Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyepewa nafasi ya Othello, jemadari mweusi wa Shakespeare, pale Covent Garden mwaka 1833 baada ya mwigizaji Mzungu Edmund Kean kuzirai jukwaani. Magazeti yakamrarua kwa rangi yake, na baada ya maonyesho mawili tu ukumbi ukafungwa. Mwishoni tunamwona mzee, yuko Poland, anajiandaa kucheza King Lear, na anajipaka rangi nyeupe usoni, paji la uso, mashavu, shingo, hana haraka. Mtu huyu alifia kulekule mwaka 1867, amesifiwa Ulaya nzima, na mimi nimesoma Uingereza hii mpaka cheti nisisikie jina lake hata mara moja.

Kwa hiyo acheni visingizio. Watoto wenu mnawanunulia viatu vya pauni themanini, halafu tiketi ya kusimama ni ghali? Usimngoje mwenzako awe na nafasi, hatakuwa nayo. Nenda peke yako. Unatoka zamu ya usiku? Kumbi nyingi huuza tiketi za siku hiyohiyo kwa bei nafuu, zitafute ukiwa unarudi nyumbani, lala, jioni uende. National Theatre mwaka 2012 walikuwa na tiketi za pauni kumi na mbili kwa maonyesho kadhaa. Na wetu wakija tena, njooni. Mje mapema, msimame mbele, mcheke kwa sauti.

Na tafadhali msiniombe video. Kurekodi hakuruhusiwi, na mimi si mtu wa kuinua simu mbele ya mtu aliye kazini.