Re: Cheti cha afya cha vifaranga wa sato

Kaka, wauliza kwa nini vifaranga wa sato kutoka ng'ambo wadaiwe cheti ilhali kwa macho wako wazima. Hapo ndipo penye mtego. Kirusi cha TiLV (Tilapia Lake Virus), kinachoshambulia sato na kilichoripotiwa mara ya kwanza kutoka Israeli mwaka 2014, samaki aweza kukibeba bila dalili yoyote. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, lenye makao Paris, huzitaka nchi wanachama kutangaza magonjwa yaliyo kwenye orodha yake. Nchi watokako vifaranga ikitangaza, wakaguzi wetu bandarini wajua watafute nini. Vifaranga wakishafika kwako Kisauni, hapa Mombasa, watenge kwenye tangi lao, na nyavu zao pia mbali. Na maji yao usimwage mkondo wa Tudor, tafadhali!