"Nitafuatilia" haitoshi: ninavyoandika noti za wateja wanaotafuta kazi

Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, mashirika mengi yanayowahudumia yalipunguza wafanyakazi. Ofisini kwetu, ambako tunawasaidia wakimbizi kupata kazi, mwenzangu mmoja aliondoka Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikakuta mafaili yake yamekuwa yangu. Moja lilikuwa la mama mmoja Mkongo aliyeishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa miaka mingi kabla ya kuja huku. Noti ya mwisho kwenye faili lake ilisema hivi: "Nimezungumza na mteja kwa simu. Ameacha kazi. Nitafuatilia."

Nilirudi nyuma kwenye faili nikaona alikuwa kiwanda cha kuku. Nikasema vizuri, uzoefu anao. Nikahangaika, nikampatia usaili kwenye kiwanda kingine cha kuku chenye malipo mazuri zaidi. Siku ya usaili nilimpitia kwake kwa gari. Njia nzima alikuwa kimya, mikono ameilaza mapajani. Tulipofika kwenye maegesho aliugeuza mkono wa kulia kiganja juu, akajaribu kufumba ngumi. Vidole viwili havikufunga.

"Mwanangu," akasema, "haya nilishayasema kwa mwenzako."

Na kweli alikuwa ameyasema. Mwenzangu alimsikia, na kwa jinsi ninavyomfahamu, naamini alimhurumia. Ila hakuyaandika. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mali iliyopotea ilikuwa mkono wa mtu anayekula kwa mkono huo.

Tangu siku ile kila noti naiandika nikimfikiria mtu mmoja: mfanyakazi ambaye hajawahi kumwona mteja wangu, na ambaye kesho saa 2 asubuhi atatakiwa kumpigia simu. Je, atajua aanzie wapi? Nawaandikia hasa ninyi wenzangu mnaozungumza Kiswahili na mnaofanya kazi hii kwenye mashirika ya wakimbizi, kwa sababu kuna makosa ambayo ni sisi tu tunaweza kuyafanya, na mengine ambayo ni sisi tu tunaweza kuyazuia.

Hebu tuichukue simu ile ile ya mama. Hivi ndivyo ningetamani kuikuta:

"Mteja alipiga simu mwenyewe saa 4:20 asubuhi. Tumeongea kwa Kiswahili dakika 15. Ameacha kazi tangu Jumatatu. Maneno yake: 'Vidole vinakufa ganzi, kisu kinaniponyoka.' Alikuwa akikata mabawa zamu nzima. Anasema alimweleza msimamizi wa laini mara mbili, mara ya mwisho Alhamisi iliyopita, hakuhamishwa. Hajamwona daktari. Anataka kazi, ila si ya kisu. Hatua: leo mchana namwombea miadi ya kliniki. Alhamisi saa 5 anakuja ofisini tuangalie nafasi za kufulia hotelini na za jikoni."

Kuandika hivyo ni dakika tano au sita. Angalia yaliyomo: nani alianzisha mawasiliano, kwa lugha gani, alichosema kwa kinywa chake, anachotaka, na nani atafanya nini siku gani. Hata ile "Alhamisi iliyopita" ina uzito wake. Mtu akiumia kazini na akataka kudai fidia, siku aliyomweleza msimamizi wake inaweza kuwa jambo la kwanza atakaloulizwa. Kama haipo kwenye faili, baada ya miezi mitatu hata yeye mwenyewe hataikumbuka. "Nitafuatilia" haimwambii mtu chochote. Fuatilia nini, lini, kwa nani?

Sasa nije kwenye neno linaloniumiza kuliko yote, "amekataa".

Miaka michache iliyopita nilikuwa na kijana Msabato, hana mke wala mtoto, anayepokea msaada wa fedha ambao wakimbizi wapya hupewa hapa Marekani. Nilimpatia kazi ghalani. Alipoambiwa zamu ni Jumatano hadi Jumapili aliniambia, "Kazi naipenda, ila Jumamosi siwezi." Nilikuwa na watu wanne wakinisubiri nje. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba mteja amekataa kazi, nikafunga faili.

Kanuni za msaada huo zinasema anayekataa kazi inayomfaa bila sababu ya msingi anaweza kukatiwa fedha, miezi 3 kwa kosa la kwanza na miezi 6 kwa yanayofuata. Aliyesoma noti yangu hakumjua kijana. Aliona "amekataa", akaanza taratibu. Kabla ya kukatiwa mtu hupewa nafasi ya kujieleza, na hapo ndipo nilipoweza kurekebisha. Lakini kijana alipata barua ya kumtisha, kwa Kiingereza, kwa sababu ya neno langu moja. Nilimwomba radhi. Kisha nikaandika jinsi ilivyokuwa: ameipokea kazi, ameomba asipangiwe kuanzia jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi kwa ajili ya ibada, nimempigia mwajiri tarehe fulani kuuliza kama zamu inaweza kubadilishwa. Ilibadilishwa. Ilitosha kuuliza, na noti yangu ya kwanza ilimzuia mtu yeyote asiulize.

Kwa hiyo "amekataa" siliandiki tena peke yake. Naandika alichopewa (kazi, zamu, malipo, umbali), alichojibu kwa maneno yake, na sababu aliyotoa. Kama hakutoa sababu, naandika kwamba nilimuuliza na hakutoa.

Hapa lugha yetu inatudai umakini. Tunazungumza na mteja kwa Kiswahili, tunaandika kwa Kiingereza, na katikati yake mambo yanaanguka. Mtu mzima akikwambia "sawa, mwanangu", mara nyingi anakuheshimu tu, hajakubali bado. "Nitajaribu" inaweza kuwa hapana ya kiungwana. "Tutaona, Mungu akipenda" inaweza kuwa ndiyo kabisa, na inaweza kuwa mtu anayeogopa kukuudhi kwa sababu anadhani wewe ndiwe unayemshikia nyumba na chakula. Nimesoma noti nyingi zinazosema mteja amekubali zamu ya usiku, halafu siku ya tatu haonekani kazini na anaitwa mtu asiyeaminika. Hakuwahi kukubali. Sisi tunaosikia sauti inaposhuka kwenye ile "sawa" tuna wajibu wa kuiandika: "Amesema 'sawa', ila aliuliza mara mbili nani atalala na watoto. Nitamuuliza tena kesho, mwajiri akiwa hayupo." Mfanyakazi asiyejua Kiswahili, anayefanya kazi kupitia mkalimani wa simu, hana njia ya kuliona hilo.

Ndiyo maana daftari langu dogo huwa na Kiswahili kitupu. Mteja akisema jambo zito naliandika vilevile alivyolisema, maneno matatu au manne, na tafsiri naifanya baadaye nikiwa nimetulia. Kwenye mfumo wa kompyuta wa ofisi huwa naweka yote mawili.

Saa nazo. Kila mmoja wetu ameshakutana na mteja aliyeambiwa aje "three" akaelewa saa tatu, akafika asubuhi akakuta mlango umefungwa, au aliyeambiwa na mwenzetu "saa tatu" halafu barua ya ofisi ikasema 9:00, akachanganyikiwa. Ukiandika kwamba amekosa miadi, andika pia aliambiwaje na nani. Mara kadhaa nimegundua kosa lilikuwa letu. Kwenye noti za Kiingereza weka AM au PM kila mara. Na usitegemee jina na tarehe ya kuzaliwa kumtambua mtu. Wakimbizi wengi wameandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na katika jamii zetu majina yanarudiarudia ukoo mzima, kwa hiyo angalia namba ya kesi kabla hujaandika neno la kwanza. Noti iliyoingia kwenye faili la mtu mwingine ni mbaya kuliko noti isiyoandikwa.

Kuna sentensi nyingine ningependa ifutike: "Mteja hana uzoefu wa kazi." Nilimkuta nayo mwanamke aliyekuwa akiamka saa 9 usiku kukanda unga na kuuza maandazi sokoni kambini, kila siku, kwa miaka. Alijua kupima, kuhesabu mtaji na faida, kusimama saa kumi mfululizo, na kutunza wateja wa mkopo bila kugombana nao. Aliyemhoji alimuuliza kama amewahi kuajiriwa, akasema hapana, ikaishia hapo. Nilipoandika upya, niliandika idadi ya maandazi, saa alizoamka, na wasaidizi wawili aliokuwa akiwalipa. Wasifu wake ulitoka moja kwa moja kwenye noti hiyo, na akaajiriwa jikoni kwenye duka la mikate. Usimuulize mtu wetu aliajiriwa wapi. Muulize alikuwa anakula kutokana na nini, halafu kaa kimya uandike.

Upande wa hati, kuwa mahususi hadi mwisho. "Hati zipo" haimsaidii mtu. Mkimbizi aliyefika karibuni anaweza kujaza fomu I-9 (ya kumthibitishia mwajiri kwamba anaruhusiwa kufanya kazi) kwa kutumia I-94 yake (hati ya kuingia nchini) yenye uthibitisho kwamba ameingia kama mkimbizi, lakini kwa mwajiri hiyo ni kama risiti ya siku 90, baada ya hapo lazima aonyeshe kibali cha kazi, au kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) pamoja na kitambulisho. Usipoandika alionyesha nini na siku gani, siku ya 91 mtu anasimamishwa kazi na hakuna anayejua kwa nini.

Yasiyofaa kuandikwa ni muhimu sawa na yanayofaa. Sisi tunasali na wateja wetu, tunakutana nao misibani na harusini. Wanatuita dada, kaka, mwanangu, na wanatuambia mambo ambayo wasingemwambia ofisa. Mambo ya ndoa, ugonjwa, mimba ambayo mume hajaijua: hayo hayana nafasi kwenye noti ya ajira. Kinachohusu kazi ni mipaka ya kazi. Andika "asinyanyue zaidi ya pauni 25 hadi mwisho wa mwezi, barua ya daktari ipo kwenye faili", usitaje ugonjwa. Faili husomwa na msimamizi, na mkaguzi wa wafadhili, linaweza kuitwa mahakamani, na mteja mwenyewe anaweza kuomba kulisoma. Mimi nikishamaliza kuandika najiuliza kama ningeweza kumsomea uso kwa uso. Neno kama "mvivu" au "mkaidi" haliwezi kuvuka hapo. Hubaki kile nilichokiona: alifika saa 3:40 kwa miadi ya saa 3:00, akasema basi la kwanza lilimpita, na ratiba ya basi inaonyesha linalofuata huja baada ya nusu saa.

Andika siku hiyo hiyo. Nikitoka kwa mteja nakaa ndani ya gari likiwa limezimwa, dakika kumi, kabla ya kuwasha injini. Ukichelewa, andika kwa tarehe ya leo na useme wazi kuwa ni noti iliyochelewa ya mazungumzo ya siku fulani. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kabla ya ukaguzi tuliambiwa tukae jioni "tujaze mapengo" kwa tarehe za nyuma. Nilikataa, na nitakataa tena. Pengo la kweli linaonyesha kuwa mteja aliachwa wiki tatu, na mkubwa anapaswa kulijua hilo ili aongeze watu. Simu isiyopokelewa nayo ni kazi iliyofanyika: andika saa, idadi ya mara ulizopiga, na kama uliacha ujumbe wa sauti kwa Kiswahili.

Na mtu akipata kazi usiishie kwenye furaha. Siku ya 90 tangu aanze tunaulizwa kama bado yupo kazini, na wengi huandika "bado yupo". Andika malipo kwa saa, saa kwa wiki, zamu, anasafirije, na umejuaje: umeona karatasi ya mshahara, au umeambiwa kwa simu? Nimekuta watu "waliopo kazini" ambao saa zao zilipunguzwa hadi 16 kwa wiki na kodi ya nyumba ina miezi miwili haijalipwa. Mtu angeuliza saa tu, tungejua mapema.

Siku hizi kabla mteja hajaondoka namsomea kwa Kiswahili ninachotaka kuandika. Nilianza na yule mama, siku ile ile, kwenye maegesho ya kiwanda ambacho hatukuingia. Nilimsomea kutoka kwenye daftari: vidole viwili vya mkono wa kulia, ganzi tangu kiwanda cha kwanza, kazi ya kisu hapana, kufulia au jikoni ndiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Ongeza na huu wa kushoto," akasema. "Umeanza wiki hii. Hakuna aliyeniuliza."

Nikaongeza, akiangalia kalamu.