Winnipeg Ice kuuzwa: shida ilikuwa uwanja
Mkuu, unasema Winnipeg Ice, ile timu ya vijana ya hoki ya barafu ya Kanada, waliuzwa 2023 sababu timu ilikuwa mbovu, hapana aisee, msimu ule ule walifika fainali ya WHL, ligi yao ya hoki ya vijana, wakafungwa na timu ya Seattle. Shida ilikuwa uwanja. Walitolewa Cranbrook, mji mdogo huko huko Kanada, wakapelekwa Winnipeg 2019 kukawa na ahadi ya uwanja mpya, haukujengwa, wakabaki kwenye kiuwanja cha Chuo Kikuu cha Manitoba chenye viti chini ya 2,000, sasa hapo hela ya mlangoni itatoka wapi? Ndo wakauzwa wakapelekwa Wenatchee, Marekani. Mi wanaoniuma ni watu wa Cranbrook, timu yao ilibeba Memorial Cup, kombe kubwa la hoki ya vijana Kanada, 2002 halafu ikaondoka hivi hivi, na hao madogo wanaocheza, wengine wana miaka 16 tu, wanahamishwa shule na familia za wenyeji wanazoishi nazo kisa biashara ya wakubwa.