Kumbe wanakingiana upepo

Mmeuliza wiki hii: kwa nini mbio za baiskeli za kulipwa zina mashabiki lukuki nchi moja, na nchi nyingine hata hazitajwi? Wengi watajibu kuwa ni fedha. Mimi nakataa. Eritrea si tajiri, lakini Asmara watu hujaa barabarani kushangilia baiskeli. Waitaliano waliuleta mchezo enzi za ukoloni, wenyeji wakaufanya wao, na mwaka 2024 Biniam Girmay akashinda hatua 3 za Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa za wiki tatu, na kurudi na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Shabiki huzaliwa na msimulizi. Tour de France yenyewe ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti, L'Auto, lililokuwa likisaka wasomaji. Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, mwaka 1909, gazeti vilevile. Mbio zinapita mlangoni kwako dakika chache tu. Nani kakata pumzi mlimani, nani kamwacha nani, hayo lazima usimuliwe. Hata Simba na Yanga, wengi wetu tulizipenda redioni kabla ya kukanyaga uwanja.

Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, nilikuwa kwa fundi baiskeli wangu hapa Majengo, Dodoma, nikitazama kwenye simu naye akiziba pancha. Akachungulia, akauliza mbona wamefuatana kama siafu. Nikamweleza: wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika, na timu nzima inajichosha ili mmoja wao ashinde. Akaliacha tyubu ndani ya karai la maji.

"Kumbe wanakingiana upepo! Kaka, enzi zile natoka Hombolo na mkaa kwenye keria, si ndivyo tulivyokuwa tukifanya?"

Hakurudi tena kwenye ile pancha mpaka Tadej Pogačar wa Slovenia alipovuka mstari. Mwenye baiskeli alikuja kuiulizia, naye akavutwa kwenye benchi tutazame wote.

Upepo wa Dodoma anaujua kila aliyebeba madumu ya maji kwa baiskeli, Bahi, Chamwino, kote huku. Ninachoomba ni mtangazaji mmoja aliyepakiwa kwenye pikipiki, anayejua kueleza, na mbio za kutoka Bahi hadi mjini siku ya Jumapili.

Fundi wangu sasa kila nikipita ananiuliza Pogačar anashuka lini tena barabarani.